Nani Aseme Turudi?

Uliza mtu yeyote anayepanda matatu za 125 kurudi Rongai usiku. Dereva amekanyaga mafuta, muziki umepandishwa, gari linapita kando ya lami kwenye vumbi, na abiria wote wamekaza meno. Kila mmoja anaogopa na hakuna anayesema. Halafu mama mmoja wa kiti cha nyuma anapaza sauti: "Dere, punguza mwendo, tuna watoto nyumbani!" Kinachofuata unakijua. Makanga anamwambia akitaka starehe anunue gari lake. Msee wa dirishani anacheka. Na wale waliokuwa wakiogopa pamoja naye wanainamia simu zao kana kwamba hawajamsikia.

Huyo mama ana haki gani? Hakuna aliyemchagua awasemee wengine. Yeye ni mmoja, wao ni wengi, na nauli wamelipa sawa. Ukipiga hesabu ya kura, ameshindwa kabla hajafungua mdomo. Lakini ukiwauliza wale abiria mmoja mmoja wakishashuka, watakwambia aliongea vizuri.

Nataka kulichukua swali hili nilipandishe juu, mahali ambapo hakuna makanga wala steji ya kushukia: kwenye njia ya maziwa ya Mlima Kenya, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeiva. Watu wakiwa safarini pamoja na hatari ikaanza kukua, ni nani mwenye haki ya kusema turudi? Na wengine wakilisikia neno hilo, wana wajibu gani?

Jibu langu nalitoa mapema ili tulipime pamoja. Kuendelea kunahitaji ridhaa ya kila mtu. Kurudi kunahitaji sauti moja tu. Najua linasikika kama jibu la mwoga. Nipe muda.

Sisi wa Kware, huku upande wa Rongai katika Kaunti ya Kajiado, kupanda milima tumekuanza kwa urahisi kwa sababu Milima ya Ngong iko hapo tu. Ukiwa na viatu na nauli, Jumamosi asubuhi unaweza kuwa juu kwenye mita 2,460 ukitazama Bonde la Ufa kabla jua halijawa kali. Baada ya Ngong mtu anajaribu Longonot. Baada ya Longonot anaanza kuona picha za watu wamesimama kando ya ziwa la rangi ya chuma, majani marefu ya manjano yamewazunguka, lobelia kubwa kama watu waliovaa makoti ya manyoya, na vilele vyenye mawe nyuma yao. Anauliza: hapa ni wapi? Anajibiwa: Ellis. Mwezi unaofuata jina lake liko kwenye grupu na pesa zake ziko M-Pesa ya mwandalizi.

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye njia ya Chogoria, karibu na kilima cha Mugi, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,500. Si ziwa pekee huko. Ukiendelea juu zaidi, unafika ukingo wa jabali wanaloliita Temple, na chini yako kabisa, ndani ya bonde la Gorges, unaliona Ziwa Michaelson limelala kama sarafu iliyodondoka kisimani. Maziwa haya yalichimbwa na barafu zamani, barafu ilipokuwa bado inatambaa chini ya mabonde. Leo barafu hiyo imebaki vipande juu karibu na vilele, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro huenda zikaisha kabla ya 2050. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu linagusa swali letu.

Hali ya hewa ya huko ina tabia yake. Alfajiri anga hufunguka, vilele huonekana vikali kama vimechongwa jana. Kufikia saa nne au saa tano mawingu huanza kupanda kutoka kwenye misitu ya chini, na mchana mvua au mvua ya mawe hunyesha. Msimu wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mchezo huo huharakishwa. Ndani ya saa moja unaweza kuvua koti kwa joto, kulivaa kwa baridi, kisha kugundua kwamba limelowa na halisaidii tena.

Ongeza jambo la pili, hewa yenyewe. Rongai iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mtu anayelala kwenye matatu usiku kucha na kuanza kutembea asubuhi anafikishwa karibu mita 3,500 bila mwili kupata nafasi ya kuzoea. Huko kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na Mombasa. Kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo inajulikana na ni bure: kushuka.

Novemba iliyopita tulienda watu ishirini na wawili, wengi wetu wa Kware na wengine wa Kitengela tuliokutana nao mjini. Tulitoka saa tano usiku. Thika, Embu, Chuka. Kwenye Daraja la Nithi gari zima lilinyamaza, maana hakuna Mkenya asiyejua habari za kona hiyo. Kulipopambazuka tulikuwa Chogoria, tukahamia kwenye Land Rover kuu kuu, tukapanda kwenye matope katikati ya msitu na mianzi hadi getini, ambako ni kama mita 3,000. Saa mbili tulianza kutembea, na Batian alikuwa wazi kabisa. Watu walipiga picha za kutosha mwaka mzima.

Saa nne na nusu hatukuona tena hata mtu wa tano mbele. Ukungu ulikuja kimyakimya, ukifuatwa na manyunyu ya baridi. Dada mmoja wa Kitengela, ambaye kwenye gari ndiye aliyekuwa akituchekesha, alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa na raba za kitambaa alizonunua mtumbani, zimejaa maji. Alitapika kidogo kando ya njia, akapangusa mdomo, akasema yuko sawa. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Lakini mimi naona turudi."

Hapo ndipo swali lilipoanza. Mmoja akasema ziwa halipo mbali, nusu saa tu. Mwingine akasema ametoka Kware kuona ziwa, hakutoka kuona mawingu. Mwongozaji, mzee wa makamo wa pale Chogoria, aliulizwa maoni yake. Alitazama juu, akatutazama sisi, akasema, "Nyinyi ndio wageni. Mtakachosema ndicho nitafuata." Mtu akapendekeza tupige kura. Mikono ikainuliwa: kumi na saba tuendelee, watano turudi.

Kabla hatujaanza tena kutembea, yule kijana aliyetubebea sufuria na mkate, ambaye hakuulizwa wala hakupiga kura, aliweka mzigo chini. Akasema, "Huyu dada akiendelea, jioni tutambeba. Na mimi ndiye nitambeba." Kisha akageuza uso upande wa chini. Mwongozaji alimtazama, akavuta pumzi, akasema haya basi, wote tunashuka.

Sitaki kumfanya kijana huyo shujaa. Ninachotaka ni kuuliza kwa nini sentensi yake ilikuwa na uzito kuliko mikono kumi na saba.

Kura ni njia nzuri ya kuamua mambo ambayo faida na hasara zake zinatuangukia kwa kiasi kinachokaribiana. Tule ugali au wali? Tupite Embu au Nyeri? Piga kura, aliyeshindwa atakula wali na hatakufa. Lakini pale njiani hatari haikuwa imegawanywa sawa. Aliyevaa buti za maelfu na koti lisilopenya maji alikuwa akipiga kura juu ya miguu ya mtu mwingine. Mwenye mapafu mazuri alikuwa akipiga kura juu ya kichwa cha mwingine. Na aliyekuwa atabeba mwili kama mambo yangeharibika hakuwa na kura kabisa.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, aliandika sana juu ya tofauti kati ya demokrasia ya wingi na demokrasia ya maafikiano. Hoja yake kuu ni kwamba mtu kushindwa kwa kura hakumaanishi amekubali. Wengi wanapata wanachotaka, wachache wanapata taarifa. Wiredu alikuwa akiwaza juu ya mabaraza na mabunge, lakini naona hoja yake ina nguvu zaidi kwenye njia ya mlima, kwa sababu huko anayeshindwa kwa kura hawezi hata kubaki nyumbani akanuna. Lazima atembee.

Na mlima wenyewe unajua habari za ridhaa zilizotolewa na wachache. Vilele vyake vitatu vikuu, Batian, Nelion na Lenana, vina majina ya Kimaasai. Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899, alivipa majina ya Mbatian, laibon mkuu, na ya watu wa ukoo wake. Lenana ni Olonana, mwana wa Mbatian. Olonana huyo ndiye aliyekuwa mbele ya orodha ya waliotia alama kwenye mkataba wa 1904, ambao uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa kati ya Laikipia na kusini. Mkataba wa pili wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia na kuwasukuma huku kusini. Watu na mifugo walikufa njiani, baridi na mvua za Mau zikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1913 Wamaasai wakiongozwa na Ole Njogo walienda mahakamani, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wote. Kesi ilitupwa. Kajiado tunayoiita nyumbani ilichorwa na maamuzi hayo. Silinganishi matembezi ya Jumamosi na msiba wa watu. Nasema tu kwamba kusema "tumekubaliana" wakati anayeumia hakukubali ni tabia ya zamani, na ina ukubwa wa kila aina.

Kuna msomaji atakayeniambia: mbona unazunguka? Wahenga walishamaliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mfuate mwongozaji, basi.

Sawa. Lakini mlimani mkuu ni nani? Kwa kawaida tunadhani ni yule mwenye umri au uzoefu, na mwongozaji wetu alikuwa na vyote viwili. Lakini mkononi mwake hakuwa na ukuu. Alikuwa na wateja. Wakirudi bila kuona ziwa, huenda bahshishi isitoke, na huenda mwandalizi akatafuta mwongozaji mwingine safari ijayo. Mtu huyo aliposema "nyinyi ndio wageni", hakuwa akitoa heshima tu. Alikuwa akihesabu ada za shule. Wahenga hao hao walisema pia: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwongozaji anayeogopa kuwaudhi wateja ndiye atakayelia nao baadaye. Lakini tumuulize pia huyo mwana: kwa nini umemfanya mzazi akuogope?

Mei 2024 Wakenya wengi tulifuatilia habari za Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki aliyekuwa akijaribu kufika kilele cha Everest bila oksijeni ya mtungi. Hakurudi. Tulimlilia, na alistahili kuliliwa. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mwongozaji wake, Mnepali aitwaye Nawang Sherpa, naye pia hakurudi. Yaliyotokea kati ya watu wawili juu kule si yangu kuyahukumu. Najiuliza tu: mwongozaji anaweza kusema "mimi narudi" na kumwacha mteja? Kisheria labda. Kimaadili wengi wetu tungemwita msaliti. Ina maana kwamba anayelipa akiamua kuendelea, ameamua kwa ajili ya wawili, hata kama hajawahi kulifikiria hivyo. Jina la Kirui tunalikumbuka. La Nawang ni wangapi wanalo?

Na mduara wa wanaolipa ni mpana kuliko kikundi. Septemba 1970 daktari kijana kutoka Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alikaa naye. Wanachama wa Mountain Club of Kenya walipanda kujaribu kumwokoa, wengine wakasafiri kutoka Austria, na ilichukua zaidi ya wiki moja kumteremsha akiwa hai. Ni hadithi ya ajabu ya watu wasiomwacha mwenzao. Lakini rubani Jim Hastings, aliyekuja kusaidia kwa helikopta, alianguka nayo akafa. Hakuwa kwenye kamba ya Batian, wala hakuna aliyemuuliza kama wapande au wasipande. Ile haikuwa kesi ya ukaidi. Jiwe linaweza kung'oka chini ya mtu yeyote. Inaonyesha tu kwamba mlimani hakuna hatari iliyo ya mtu binafsi. Ukisema "ni maisha yangu", kuna mtu mahali fulani ambaye ataamshwa usiku.

Hiyo ndiyo sababu ya tofauti niliyoanza nayo. Anayesema tuendelee anawaomba wengine wabebe kitu. Anayesema turudi anawaomba waache kitu. Kubebeshwa kunahitaji ridhaa yako. Kuacha kunauma, lakini hakukuweki mwilini hatari ambayo hukuikubali.

Sasa mapingamizi, na yako ya kweli.

La kwanza: mwoga mmoja atateka watu ishirini. Kila safari ana mtu wake anayetaka kurudi tangu getini. Najibu kwamba neno "mwoga" linatumika ovyo. Januari 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki kwa lengo moja tu, kuupanda Mlima Kenya. Walikuwa na zana za kujitengenezea na chakula cha kuokoteza. Mmoja, Vincenzo Barsotti, aliugua wakamwacha kambini mwao chini ya vilele apumzike. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walijaribu Batian, mwamba na theluji vikawakatalia, wakageuka. Baadaye walipanda Lenana, wakaacha bendera yao, kisha wakashuka na kujirudisha gerezani. Hawa hawakuwa na Jumamosi ijayo, wala hakuna aliyewaahidi kwamba wangeuona mlima ule tena. Kama kugeuka ni woga, basi tafuta neno jingine la kumwita mtu anayetoroka gereza la vita ili kupanda mlima.

La pili: kwa nini kikundi kisigawanyike? Anayeumwa ashuke na mwongozaji mmoja, wengine waendelee. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mara nyingi ni jibu sahihi. Kama anga iko wazi, waongozaji wanatosha, na anayeshuka atakuwa salama kama alivyokuwa, gawanyikeni kwa amani. Lakini angalieni inavyotokea kwa kawaida. Anaulizwa mbele ya watu ishirini: "Utashuka mwenyewe ama utajikaza?" Hapo hajapewa chaguo. Amepewa aibu mbili achague moja. Wengi huchagua kujikaza, na ndiyo maana yule dada alisema yuko sawa akiwa bado anapangusa mdomo. Na siku ile ukungu haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa wote, ila yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusema.

La tatu nilikutana nalo njiani. Saa saba na nusu, tukiwa karibu na geti, jua lilitoka. Anga yote ikafunguka, vilele vikasimama pale juu safi kama asubuhi. Ungesikia kelele! "Si niliwaambia?" Kesho yake kwenye grupu mtu aliandika: tulilipia ziwa, tukapewa ukungu. Watu wakaweka vicheko.

Je, jua lile lilithibitisha kwamba tulikosea? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilipa tatizo hili jina, bahati ya kimaadili: tunavyowasifu au kuwalaumu watu kwa matokeo ambayo hawakuwa na uwezo juu yake. Dereva anayepita taa nyekundu akafika salama tunamwita mjanja. Mwenzake akifanya vilevile akagonga mtoto tunamwita muuaji. Kosa ni moja, bahati ni mbili. Uamuzi wa saa tano lazima upimwe kwa yale yaliyojulikana saa tano: mtu anatapika, miguu imelowa, ukungu umefunga, masaa ya mvua yako mbele. Jua la saa saba na nusu ni habari nyingine. Tungeendelea na kufika salama, bado tungekuwa tumempeleka mtu alikokataa kwenda.

La nne ndilo zito kuliko yote, na watu hulikwepa kwa kusema "ziwa halitoki, tutarudi". Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara. Safari ile iligharimu shilingi elfu nne na mia tano kwa mtu. Kuna kijana wa Kware aliyejinyima miezi mitatu kuilipa, anayefanya kazi Jumamosi zote isipokuwa ile moja. Kwake ziwa linatoka. Na barafu ya juu inatoka kweli kweli. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu huenda akaisoma tu vitabuni. Kwa hiyo kurudi kuna bei, na mara nyingi bei hiyo inamwangukia aliye na kidogo. Ukimpa kila mtu haki ya kusema turudi halafu ukamwachia maskini bili, umetengeneza haki ambayo watu wataichukia, na anayeitumia wataichukia sura yake.

Ndiyo maana naona haki hii haiwezi kusimama kwa maneno matupu. Inahitaji mambo matatu yaliyopangwa kabla gari halijatoka Rongai. Kwanza, saa ya kugeuka itajwe mapema na iandikwe, iwe ni saa tano au saa sita, popote tutakapokuwa. Ukisema saa hiyo ukiwa umekaa sebuleni na chai, haimnyooshei mtu kidole. Pili, mwongozaji na mpagazi walipwe sawa, tumefika au hatujafika, na walipwe asubuhi, na bahshishi yao iwe ndani ya bei. Hapo ndipo mwongozaji atakuwa mkuu wa kweli, maana ukweli wake hautamgharimu. Tatu, kila nauli itengwe kiasi kidogo, shilingi mia mbili tu, ziwe mfuko wa kumrudisha mlimani yule ambaye safari yake imekatika na hawezi kulipa tena. Tuliporudi Novemba ile tulizozana wiki nzima juu ya mambo haya. Mawili yalipita. Mfuko bado wanaubishia.

Jina la Kware watu hudhani ni la yule ndege. Limetoka kwenye neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, mawe yaliyojenga nusu ya nyumba tunazopanga. Wazee waliowahi kufanya kazi machimboni hueleza kwamba huko kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa. Mtu yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, akisikia mwamba umelia, alipiga kelele, na wote walitupa nyundo wakatoka. Hakuna aliyesimama kumuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Mara nyingi mwamba haukuanguka. Walimcheka kidogo, wakavuta sigara, wakarudi kazini. Kesho yake akipiga kelele tena, walitoka tena.